Jana Maji Yamejaa, Leo Yamekupwa: Uchambuzi wa Kisa cha Bango la Mikoko Lamu

Usuli

Kisa hiki ni cha kijiji kimoja katika kaunti ya Lamu ambacho riziki yake inatoka baharini na kwenye mikoko. Jina la kijiji, la kikundi na la mfadhili nimeyaondoa, na alama chache za mahali nimezibadilisha, kwa sababu waliohusika bado wanakaa baraza moja na kuswali msikiti mmoja.

Kenya ina takriban hekta 61,000 za mikoko, na zaidi ya hekta 37,000 ziko Lamu. Msitu huu unasimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu (KFS), na mkataji anayefuata sheria hukata kwa leseni, kwenye sehemu aliyopangiwa. Biashara yenyewe ni ya kale. Majahazi yalibeba boriti za Lamu hadi Uarabuni kwa karne nyingi, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Siku hizi soko liko humu humu nchini. Miti huuzwa kwa korja, yaani ishirini ishirini, na bei hufuata unene: fito ndiyo nyembamba kuliko yote, kisha pau, mazio, boriti, nguzo.

Kikundi cha vijana, mwenyekiti wao akiwa mwanamke, kilikuwa kimepanda miche ya mikoko kwa misimu kadhaa. Kilichowasumbua ni hori moja, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, lililo karibu na kijiji. Lilikuwa likikatwa ovyo na wenye leseni, na wasio nayo, na wengine waliotumwa na matajiri wa mjini wenye oda za haraka. Kwamba hori linamalizwa, hakuna aliyebisha, hata wakataji wenyewe. Naomba msomaji alishike hilo, maana bango lililozua mgogoro lilikuwa likidai jambo la kweli.

Halafu kulikuwa na kidonda cha zamani. Februari 2018 serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu yake nchini kote, wakata mikoko wa Lamu nao walijikuta hawana kazi, ingawa kelele za wakati ule zilihusu zaidi misitu ya milimani. Tangu hapo, picha yoyote ya kisiki inayotundikwa na mtu wa ofisi huangaliwa kwa jicho la kando.

Bango lenyewe

Picha zilikuwa mbili, sambamba. Kushoto, chini ya neno JANA, palikuwa na mikoko ya kijani kibichi, maji yamefika kwenye majani, anga la samawati, yangeyange mmoja juu ya tawi. Kulia, chini ya neno LEO, palikuwa na tope la kijivu, mizizi iko wazi, visiki kadhaa, na nyuma yake mtu anakwenda zake amewapa mgongo watazamaji, miti begani, kikoi kimekunjwa hadi magotini. Katikati ya picha hizo mbili palichorwa shoka jekundu. Chini, kwa herufi kubwa: NANI ANAIBA KESHO YA WATOTO WETU?

Ukilitazama kwa makini unaona kazi iliyofanyika. Kisiki cha mbele kilipigwa picha simu ikiwa karibu kabisa na ardhi, kwa hiyo kilionekana kikubwa kuliko mtu aliye nyuma yake. Jicho linaanzia kwenye kisiki, linapanda kwenye mgongo wa yule mtu, kisha linavutwa na wekundu wa shoka na kurudishwa kwenye kijani cha JANA. Mbunifu aliyelitengeneza mjini alijua anachofanya. Picha zote mbili zilikuwa halisi, hakuna iliyochezewa kwa kompyuta.

Yaliyotokea

Lilitundikwa dikoni, pale vyombo vinapofikia pwani, alasiri ya Alhamisi, ili watu watokao kuswali Ijumaa walikute. Walilikuta. Watu walisimama, wakanong'ona, watoto wakalisoma kwa sauti. Maafisa wawili waliokuwa wakipita kwa boti walilipiga picha na kulisifu, na siku hiyohiyo mfadhili akapata habari kwamba kazi imefana.

Jumamosi, mzee mmoja aliyekata mikoko tangu ujana wake alimwita mwenyekiti alipokuwa akipita mbele ya baraza.

"Ndoo hapa, mwanangu. Huku mai yameyaa, huku mai yamekupwa. Watuonesha shoka, au watuonesha bamvua?"

Kwa Kiamu, alikuwa akimwambia njoo, huku maji yamejaa, huku yamekupwa; na bamvua ni siku maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida. Mwenyekiti akajibu kwa heshima, "Ami, maji si neno. Tazama miti."

"Haya, na miti tuitazame."

Mzee akaitaja mmoja mmoja. Ile ya JANA ni mlilana, mti unaosimama mbele kabisa baharini, na nyuma yake mchu. Visiki vya LEO ni vya mkoko na mkandaa, miti ya ndani ya hori. Hakuna siku ambayo milila­na ile ilikuwa visiki vile. Zilikuwa sehemu mbili tofauti, na kila aliyekaa pale barazani alikwisha kuziona zote mbili akiwa ndani ya dau.

La tatu lilikuwa zito zaidi. Uso wa yule mtu haukuonekana, na kikundi kilidhani kwa hivyo kimemsitiri. Lakini kijijini nani anahitaji uso? Kikoi kilijulikana, na ule mwendo wa bega moja kuinama ulijulikana. Mwenyewe alikuwa na leseni, na miti aliyobeba siku ile aliitoa sehemu iliyoruhusiwa. Mtoto wake alitaniwa madrasa kwamba baba yake ameandikwa mwizi.

Usiku wa siku iliyofuata mtu alichukua mkaa akaandika jibu chini ya lile swali: MPIGA PICHA. Kijiji kizima kilicheka, na kuanzia hapo bango lilikuwa limekwisha kufa hata kabla ya kuteremshwa. Siku ya kupanda miche ilipofika, wakataji hawakutokea. Wao ndio waliokuwa wakiipakia miche kwenye madau yao bila malipo.

Maamuzi na sababu zake

Kikundi kiligawanyika. Baadhi ya vijana walitaka kusafisha ule mkaa na kuliacha bango, kwa hoja kwamba ukweli huuma. Wengine walitaka aliyeandika atafutwe na kuripotiwa. Afisa wa mfadhili naye alishikilia libaki, kwa sababu kila aliyeoneshwa mjini alilipenda. Jibu la mwenyekiti lilikuwa fupi: "Hao hawakati mikoko." Akaliteremsha.

Uamuzi wake wa pili ndio ulioniingiza mimi kwenye kisa hiki. Badala ya kutengeneza bango jingine, alitaka lile la kwanza lisomwe hadharani, barazani, mbele ya walioumizwa nalo. Nikaombwa kuongoza usomaji. Sababu yake ilikuwa ya kivitendo. Kikundi hakikujua kilichoharibika ni nini hasa. Je, ni tusi la neno "anaiba"? Ni yule mtu? Ni maji? Bila kujua, bango la pili lingekuwa bahati nasibu.

Tulianza kwa kuyafunika maandishi yote kwa gazeti na kuacha picha ya kulia peke yake. Nikauliza, mnaona nini? Majibu: mtu anatoka kazini. Maji yamekupwa sana, huenda ni mwezi mchanga. Yule amebeba mazio, boriti hazibebeki hivyo. Hakuna aliyetaja wizi wala uharibifu. Kisha nikafunua neno LEO tu. Hapo wakaanza kuuliza, leo kuliko lini? Nikafunua JANA na picha yake, na hadithi ikajipanga yenyewe: palikuwa pazuri, pameharibiwa. Mwisho nikafunua swali la chini, na yule mtu, ambaye dakika chache kabla alikuwa mfanyakazi anayerudi kwake, akageuka mwizi. Picha haikubadilika hata kidogo.

Mfaransa Roland Barthes alilieleza jambo hili mwaka 1964 alipochambua tangazo la tambi za Panzani: picha peke yake inabeba maana nyingi zinazoelea, na maandishi huja kuitia nanga moja. Pale barazani hatukumhitaji Barthes, gazeti lilitosha, lakini ndilo jambo lenyewe.

Baada ya hapo tuliuliza maswali matatu kwa mpangilio. Picha inaonesha nini? Inataka uamini au ufanye nini? Na ili utoke la kwanza ufike la pili, ni lazima uwe umekubali nini ambacho hakikusemwa? Swali la tatu lilichukua muda mwingi kuliko yale mawili.

Bango la pili lilizaliwa humo. Mkataji mmoja alisema kama mnataka kutuonesha kwamba hori limekwisha, msituoneshe tope, tuoneshe korja. Wakakubaliana kuilaza chini korja moja iliyotoka hori lile, miti ishirini ubavu kwa ubavu, vichwa vikielekea kwenye kamera, na pembeni yake boriti moja iliyotolewa kwenye dari ya nyumba iliyobomoka, ili unene wa sasa uonekane kando ya ule wa zamani. Maandishi yawe mahali na tarehe, basi. Hakuna swali, hakuna shoka, hakuna mtu.

Matokeo

Yalikuwa nusu nusu. Wakataji wengi wa kijiji walikubali sehemu moja ya hori ipumzishwe, na siku iliyofuata ya kupanda miche madau yalirudi. Matajiri wa mjini hawakuguswa, na miti kutoka sehemu iliyofungwa iliendelea kuonekana mara moja moja. Mfadhili hakulipenda bango la pili. Alisema ni picha ya kuni. Mwenye kikoi aliombwa radhi nyumbani kwake na mwenyekiti, akapokea, lakini hajawahi kuhudhuria shughuli ya kikundi tangu hapo.

Uchambuzi: hatua isiyosemwa

Tangu Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, wanafunzi wa balagha, yaani sanaa ya kushawishi, wamejua kwamba hoja nyingi hazitamkwi zote. Msemaji huacha hatua moja, msikilizaji huijaza mwenyewe, na kwa kuwa ameijaza mwenyewe huiamini zaidi. Picha inakwenda mbali zaidi, kwa sababu yenyewe haina "kwa hiyo" wala "kwa sababu". Ukiweka picha mbili pamoja, mtazamaji ndiye anayetia "kwa hiyo" katikati. Nguvu yote ya bango la JANA na LEO ilikuwa hapo, na ndipo lilipovunjika.

Kwa maafisa waliopita kwa boti, hatua iliyofichwa ilijazwa bila shida: picha hizi ni za mahali pamoja, kilichobadilika ni muda, na kilicholeta mabadiliko ni shoka. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyooneshwa. Mkataji wa Lamu akijaribu kujaza hatua hiyohiyo hawezi, kwa sababu anajua mengi mno. Anaona aina za miti, anaona maji. Wakati wa bamvua tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huku kwetu hufika mita kama tatu, na kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita. Picha mbili za siku moja, asubuhi na adhuhuri, zinaweza kuitwa JANA na LEO na mgeni akaona miaka kumi katikati. Kulinganisha ni hoja nzuri pale tu kila kitu kingine kinapobaki vilevile: mahali, pembe, maji, majira. Hapa hakuna hata kimoja kilichobaki, na walioliona hilo ndio hasa waliokusudiwa kushawishiwa.

Rangi nayo ilitegemea mtazamaji. Mbunifu alitumia kijivu cha tope kama rangi ya kifo. Kwa mtu wa mjini linaingia akilini. Kwa mama anayetafuta kaa na chaza, tope lililo wazi ni mlango wa kazi umefunguliwa. Mmoja wao aliniambia kwamba alipoiona picha ya LEO alikumbuka kuwa hajanoa kisu chake.

Uchambuzi: nani yumo ndani ya fremu

Hili ndilo naliona kosa kubwa kuliko la maji, ingawa mazungumzo mengi barazani yalikuwa ya maji. Picha ikishasema kuna hatia, lawama humwangukia aliyemo ndani ya fremu. Haina pengine pa kwenda. Tajiri aliyetoa oda hakuwemo. Mnunuzi wa Mombasa anayejenga kwa miti hiyo hakuwemo. Karatasi ya leseni haikuonekana. Alikuwemo mtu mmoja na mgongo wake. Mgongo ulifanya mambo mawili kwa pamoja: ulimnyima yule mtu nafasi ya kutuangalia, na ulimfanya aonekane anakimbia na mali. Angepigwa picha kwa mbele, akitabasamu na jasho usoni, swali lile la chini lisingeweza kuandikwa. Mbunifu angeona haya.

Na kusitiri uso kulitokana na kufikiria mtazamaji wa mbali. Usiri wa picha hupimwa kwa anayemjua mhusika. Kwa asiyemjua, uso wenyewe ni usiri tosha.

Uchambuzi: ukweli uliosimamiwa na ushahidi mbovu

Wapo vijana wa kikundi wanaosema hadi leo kwamba yote haya ni ubishi mdogo, maana hori kweli lilikuwa likiisha. Nawajibu kwa mfano wa Marekani. Mwaka 1936, wakati wa ukame mkubwa, mpiga picha wa serikali Arthur Rothstein alipiga fuvu la ng'ombe juu ya ardhi iliyopasuka huko South Dakota. Kisha akalisogeza fuvu hilo hatua chache na kulipiga tena kwenye majani. Magazeti ya wapinzani yalipogundua kwamba fuvu lilihamishwa, yalipiga kelele kwamba picha za ukame za serikali ni za kupanga. Ukame ulikuwepo, mifugo ilikufa kweli. Lakini kwa muda, mjadala ukawa juu ya fuvu.

Ndivyo ilivyokuwa dikoni. Ule mkaa ulioandika MPIGA PICHA ulikuwa hoja bora kuliko bango lenyewe: maneno mawili, yakachukua swali la mwenye bango na kumrudishia. Na mtu aliyetaka kuendelea kukata ovyo alipata kisingizio asichokuwa nacho Alhamisi.

Bango la kwanza, hata hivyo, tulipe haki yake. Liliwasimamisha watu. Kisiki kile cha mbele kilikuwa na nguvu ambayo korja iliyolazwa chini haina, na laiti lisingekuwa na JANA, shoka na lile swali, huenda kisiki peke yake kingefanya kazi. Mimi ningekiacha.

Uchambuzi: bango la pili nalo linashawishi

Korja ilifanikiwa kwa sababu hatua isiyosemwa ilikuwa ya wakataji wenyewe. Ukimwekea fito na pau mbele yake, pamoja na boriti ya dari ya zamani, hahitaji kuambiwa kitu. Anajua bei ya kila unene. Anajua pia kwamba vyumba vya nyumba za mawe za Mji wa Kale wa Lamu ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti, kwa hiyo ile boriti ya pembeni inakuja na nyumba nzima. Hasara aliyooneshwa ni ya mfuko wake.

Lakini si picha isiyo na hila. Mkataji mmoja kijana alituzuia kabla haijapigwa. Korja ya kwanza tuliyoletewa ilikuwa ya oda ya fito, akasema, na ukitumwa fito utaleta fito hata kama msitu umejaa nguzo. Ikabidi isubiriwe korja ya mtu aliyetumwa boriti na akarudi na alichopata. Hilo liliokoa picha. Hata hivyo ile boriti ya dari ilibaki na mushkeli, na mzee yuleyule wa maji ndiye aliyeutaja: mafundi wa zamani walichagua miti bora kwa ajili ya dari, kwa hiyo tunalinganisha iliyochaguliwa na isiyochaguliwa. Mwenyekiti alitaka ibaki, mzee alitaka itolewe. Ilibaki. Mzee ana hoja, na bango lile likifika mahali penye mtu wa kuisema kwa sauti, kikundi kitapaswa kuwa na jibu.

Yaliyobaki

Nusu ya kulia ya bango la kwanza haijafa. Mtu aliikata kwenye picha iliyopigwa na wale maafisa, na sasa inazunguka kwenye WhatsApp ikiwa na maelezo mapya kuhusu mkaa wa magendo katika kaunti nyingine kabisa. Kikundi kiliwaandikia waliotuma, wachache wakaifuta. Kwa picha zake mpya, kikundi kimeanza kuandika ndani ya picha yenyewe, juu ya tope au maji ambapo hapakatiki kwa urahisi, jina la hori, tarehe na hali ya maji. Wabunifu wa mjini wanalalamika kwamba maandishi hayo yanaharibu sura ya picha.